Dreich, makonyo na aibu ya kinywa changu

Nimepotea kidogo, mtanisamehe. Kazi ya gazeti mnaijua wenyewe, ukishapeleka habari ya leo unaulizwa ya kesho iko wapi. Lakini leo nimekaa, chai iko pembeni, na nimekuja na neno moja tu. Si la Kiswahili, na mwalimu wako wa Kiingereza hakukufundisha, hata kama ulipata A. Neno lenyewe ni dreich.

Usiende mbio kulitafuta. Subiri nikusimulie.

Novemba 2021 ofisi ilinituma Glasgow, Uskoti, kwenye ule mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, COP26. Ndiyo ule ambao Rais Samia alihutubia. Nilikuwa sijatimiza hata mwaka kazini, na nilikuwa na koti moja la mtumba nililonunua Karume, ambalo muuzaji aliniapia kwamba hata Ulaya linavaliwa. Kweli linavaliwa. Ila nadhani linavaliwa Julai.

Asubuhi ya pili nimesimama kituo cha basi. Mvua haikuwa inanyesha, wala haikuwa imeacha. Mawingu yalikuwa ya rangi ya sufuria ya zamani, tena chini, kama ukinyoosha mkono unayagusa. Baridi haikuwa ile ya kukuuma. Ilikuwa ya kukulowesha polepole mpaka mifupa. Pembeni yangu amesimama bibi mmoja wa makamo ya bibi yangu, ana kimkoba chake cha magurudumu. Akaitazama mbingu, akanitazama mimi na lile koti, akasema sentensi fupi. Sikuelewa kitu. Nikamwambia samahani mama, sikukusikia. Akarudia taratibu kama anayemfundisha mtoto kutembea: leo ni dreich.

Nami nikarudia: "Dreich."

Yule bibi alifurahi mpaka akanishika mkono. Akaniambia nimelitamka vizuri kuliko Waingereza! Waingereza, anasema, kila siku linawashinda, wanasema "drik".

Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia, kwa sababu ile herufi ya mwisho mimi naijua. Ile "ch" ya mwisho wa dreich haitamkwi kama "ch" ya chai. Ni "kh". Ni ile ya Khamis, ya kheri, ya akhera, ya yakhe. Mimi ni mtu wa Pemba. Sauti ile nilizaliwa nayo kooni. Na kwa miaka minne Mlimani na mwaka mmoja kasoro wa chumba cha habari Dar es Salaam, nilikuwa nimejitahidi sana kuitoa. Nilikuwa nasema "heri" kama watu wa bara. "Yakhe" nilishaacha kabisa, kwa sababu kila nikilisema kuna mtu atalirudia kwa sauti ya kuigiza na ofisi nzima itacheka.

Basi bwana, nimeruka bahari na mabara, na mtu wa kwanza kunisifia koo langu ni bibi wa Glasgow kituoni. (Mwenzangu wa televisheni, mtu wa Dodoma, nilipomfundisha lile neno alisema "drihi". Tukacheka, safari hii zamu yangu.)

Sasa dreich ni nini?

Usiku ule nilikuwa napeleka makala fupi nyumbani kuhusu hali ya mji. Nikataka kumweleza msomaji wa Kiswahili siku ile ilivyokuwa. Nikaandika "manyunyu", nikafuta. Manyunyu ni maji, na dreich inaweza kuwepo hata bila tone. Nikaandika "rasharasha", nikafuta, maana rasharasha inapita. Nikaandika "kipupwe", lakini kipupwe chetu kina baridi na jua lake safi juu. Dreich ni vyote pamoja: baridi, unyevu, kiza cha mchana, ukimya. Na zaidi ya yote, ni hali isiyokwisha. Unaamka ipo, unalala ipo, kesho umeahidiwa tena.

Nikafungua kwenye simu kamusi ya Kiskoti, ile iliyowekwa mtandaoni bure tangu 2004, nikakuta jambo lililonifanya nikae kitandani. Mwanzoni dreich haikuwa neno la mvua hata kidogo! Asili yake inaelekezwa kwa Waviking, kwenye neno la Kinorse cha kale, drjúgr, lenye maana ya kitu kinachodumu. Waswidi mpaka leo wana ndugu yake, dryg. Kiingereza nacho kilikuwa na jamaa yake, dree, yaani kuvumilia, kustahimili, ambalo siku hizi karibu limekufa. Waskoti walipolichukua walilitumia kwa jambo refu linalochosha. Safari ndefu ni dreich. Mahubiri ya saa mbili kanisani ni dreich. Hata mdaiwa mzito, yule ambaye kila mwisho wa mwezi ana msiba kijijini, naye ni dreich katika kulipa. Hali ya hewa ilikuja kujiunga baadaye, na ndiyo iliyolimeza neno zima.

Unaona uzuri wake? Watu hawa walipoitazama mbingu yao hawakuhesabu matone. Walihesabu muda. Kilichowachosha ni kule kutokwisha kwa mvua, na neno lao likashika hapo hapo. Kamusi ya Kiingereza itakupa maneno ya huzuni, ya giza, ya unyevu. Lakini ule urefu, ule uvumilivu wa mtu aliyekaa dirishani siku ya tano, umo ndani ya dreich peke yake.

Mwaka 2019 taasisi ya Scottish Book Trust iliwaomba watu wapige kura kuchagua neno la Kiskoti lililo nembo kuliko yote. Dreich ikashinda. Na usidhani Waskoti ni maskini wa maneno ya hali ya hewa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitangaza kwamba wamekusanya maneno 421 ya Kiskoti yanayohusu theluji. Theluji tu!

Sasa njoo kwenye kilichoniuma.

Pale nilipofikia kulikuwa na kijana wa mapokezi, mwanafunzi, rika langu. Kwa mdomo kila asubuhi alikuwa ananiambia "dreich". Siku moja akawaandikia wageni wote barua pepe kuhusu usafiri, na ndani yake akaeleza hali ya hewa kwa Kiingereza cha vitabuni, safi kabisa, cha kuvaa tai. Nikamuuliza, mbona hukuandika dreich? Akacheka kama niliyemshika akiiba. Akasema lile si Kiingereza sahihi, ni la kuongea tu. Kisha akaniomba radhi. Akaniomba radhi kwa neno la babu zake!

Nikamwangalia yule kijana nikajiona mimi.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri, maana wengi tunadhani Waskoti ni Waingereza wenye sketi. Uskoti ina lugha tatu zake. Kuna Kiingereza. Kuna Kigaeli, ambacho ni ukoo mwingine kabisa. Na kuna Kiskoti, ndugu wa Kiingereza, kilichotokana na lahaja za Kiingereza cha kale za kaskazini, kikachanganyika na maneno ya Waviking na wengine. Kuna wakati Kiskoti kilikuwa lugha ya mfalme, ya bunge na ya mahakama mjini Edinburgh. Hakikuwa lugha ya jikoni.

Kikaporomokaje? Si kwa sababu kilikuwa kibovu. Mwaka 1560 Uskoti ikaingia kwenye Uprotestanti, na Biblia iliyosomwa makanisani ilikuwa ya Kiingereza. Mwaka 1603 mfalme wao James wa Sita akarithi kiti cha Uingereza, akahamia London na watu wake. Mwaka 1707 bunge likafuata. Mungu, mfalme na sheria vyote vikawa vinasema Kiingereza. Ukitaka cheo, utafanya nini? Utabadilisha ulimi.

Na waliubadilisha kweli. Mwaka 1752 David Hume, mwanafalsafa mkubwa kuliko wote waliozaliwa Edinburgh, alichapisha orodha ya maneno ya Kiskoti ambayo mwandishi mstaarabu anapaswa kuyaepuka. Mwaka 1761 mtu wa Ireland, Thomas Sheridan, alikwenda Edinburgh kutoa mihadhara ya namna ya kuzungumza Kiingereza vizuri, na wakubwa wa mji wakaenda kukaa kama watoto wa skuli kufundishwa kuongea. Mwaka 1786 Robert Burns akatoa kitabu chake cha mashairi ambacho jina lake lenyewe linatangaza kwamba mengi yamo katika lahaja ya Kiskoti. Edinburgh ikampigia makofi. Mwaka uliofuata, 1787, James Beattie akachapisha kitabu kizima cha orodha ya maneno ya Kiskoti ya kuyakwepa. Yaani neno lile lile, likiwa kwenye shairi ni hazina, likiwa kwenye barua yako ya kuomba kazi ni aibu.

Ndiyo maana kijana wa mapokezi aliniomba radhi. Yale hakuyatunga yeye. Aliyarithi.

Na kuna kichekesho kimoja. Kamusi kubwa kuliko zote ya Kiingereza, ile ya Oxford, kwa miaka mingi iliongozwa na James Murray. Huyu alikuwa mtoto wa fundi cherehani kutoka kijiji cha Denholm, kusini mwa Uskoti, na kabla ya kazi hiyo aliandika kitabu kuhusu lahaja ya kwao, mwaka 1873. Aliyewapangia Waingereza maneno yao alikuwa mtu wa lahaja!

Sasa turudi nyumbani, maana najua kuna mtu ameanza kusema haya ya wazungu yanatuhusu nini.

Hiki Kiswahili sanifu ninachokuandikia hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 kilifanyika kikao Mombasa, wakakaa hasa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari, wakachagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kukisimamia. Kimvita, lugha ya Mombasa yenyewe, lugha ya Muyaka bin Haji, kikashindwa hapo hapo nyumbani kwake. Tangu siku ile "njoo" ikawa sahihi na "ndoo" ya Mvita ikawa chombo cha kuchotea maji. "Njia" ikawa lugha, "ndia" ikawa lahaja. "Macho" yakaenda shuleni, "mato" yakabaki nyumbani na bibi.

Na sisi Wapemba? Kati yetu na Unguja kuna mkono wa bahari tu. Upande mmoja wa maji ule wamelala wakaamka lugha yao ni sanifu. Sisi tulilala tukaamka na lahaja.

Nilirudi kutoka Glasgow nikiwa na hasira nzuri. Mwaka uliofuata nikaomba kwenda Pemba kuandika habari ya karafuu. Nikaandika kwa moyo. Nikaeleza namna watu wanavyokaa usiku kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Makonyo, kwa msiyejua, ni vile vikonyo vinavyoshika tumba za karafuu. Hayatupwi, yanatoa mafuta. Pemba kuna kiwanda na watu wote wanakiita kiwanda cha makonyo, ukimuuliza dereva yeyote wa gari ya abiria atakushusha mlangoni.

Gazeti likatoka. Nikalifungua nikakuta "vijiti vya karafuu". Na kiwanda kimekuwa "kiwanda cha vijiti". Jamani! Msomaji wa Chake Chake akasoma kwamba kwao kuna kiwanda cha vijiti, sijui vya kuchokolea meno.

Nikaenda kwa mhariri, kwa adabu zote. Nikamwambia, mkuu, mbona makonyo yameondoka? Akanijibu kwa upole, wala si mtu mbaya: "Kijana, msomaji wa Kigoma hatalielewa. Halafu hilo ni neno la kwenu." Ukurasa huo huo, hatua mbili chini, kulikuwa na habari nyingine ambayo mdau mmoja "alifanya presentesheni" kuhusu "prosesi" ya kupata "fandi". Msomaji wa Kigoma yeye hiyo ataielewa?

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na naiweka mezani wazi. Sisi waandishi wa Kiswahili tuna mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Neno la Kiingereza likija na viatu vyake vya matope linaingia mlango wa mbele, linakaribishwa kiti. Neno la Pemba, la Mvita, la Mtang'ata, la Amu likija na kanzu safi linaambiwa lisubiri nje, litafutiwe tafsiri. Halafu tunakaa kwenye makongamano tunalalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati! Hakina, au tumekikata sisi?

Lakini ngoja. Nisimtupie mhariri mzigo wote, maana nitakuwa mnafiki.

Aliyekata mwanzo ni mimi. Miezi michache kabla ya safari ya Glasgow nilikuwa ofisini, simu ikalia, bibi yangu kutoka Wete. Wenzangu wamenizunguka. Nikapokea kwa sauti ya ofisini: shikamoo bibi, za huko, mimi mzima kabisa. Maneno yote ya bara, yamenyooka, hayana hata "kh" moja. Upande wa pili kukawa kimya. Kisha bibi akauliza:

"Nazungumza na nani?"

Nikamwambia ni mimi bibi. Akasema aa, nilidhani nimekosea namba. Tukaongea kidogo, akakata. Wenzangu hawakusikia lolote. Mimi nilisikia. Mhariri amekata neno langu moja kwa kalamu. Mimi nilikuwa nimekata sauti nzima ambayo bibi yangu ananijulia.

Sasa, najua yatakayosemwa, na baadhi ni ya kweli. La kwanza, watasema usanifu ndio uliotujenga. Nakubali kwa mikono miwili. Nchi yenye makabila zaidi ya 120, na mtu wa Newala anasoma gazeti moja na mtu wa Bukoba. Mwalimu Nyerere, ambaye kwao ni Kizanaki na ambaye alisoma Edinburgh kwenyewe kuanzia 1949 mpaka 1952, chini ya mbingu hizo hizo za dreich, aliporudi alishika lugha moja akaiweka mbele ya wote. Bila hiyo mimi leo ningekuwa nawaandikia watu wa Wete peke yao. Sisemi tubomoe nyumba. Nasema tufungue madirisha.

La pili, watasema lahaja ni za kuongea, sanifu ni za kuandika. Hili silikubali. Ndilo lililomfanya yule kijana wa Glasgow anyeshewe kwa Kiskoti na kuandika kwa Kiingereza. Neno lisiloruhusiwa kuandikwa halina wa kulirithi zaidi ya anayelisikia mdomoni, na midomo inazikwa. Wenzetu walilijua hilo, wakakaa chini. Kamusi yao ya Kiskoti cha karne za karibuni ilianza kuchapwa 1931 ikamalizika 1976, majuzuu 10. Ya Kiskoti cha kale ikamalizika 2002, majuzuu 12. Mtu alianza kazi akijua atakufa kabla haijaisha. Hiyo kazi yenyewe ni dreich, ukipenda, lakini bila hiyo mimi nisingejua usiku ule kwamba neno la bibi wa kituoni lilianzia kwenye kudumu.

La tatu, kuna wenzangu wenye mapenzi ya lahaja ambao nao nina ugomvi nao. Glasgow na Edinburgh dreich imejaa kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye vitambaa vya jikoni vya kuuzia watalii. Inapendeza. Lakini kikombe hakizungumzi. Unaweza kuwa na neno kwenye kila kikombe na mtoto akilisema darasani anasahihishwa. Sisi Zanzibar tunalijua hili kuliko mtu yeyote: angalia fulana za "hakuna matata" Forodhani. Nani katika sisi anasema hakuna matata? Tunasema hamna shida, hakuna tabu. Tumewauzia watu maneno tusiyoyasema, na tunayoyasema tunayaonea haya.

Sensa za Uskoti za 2011 na 2022 zote zilionyesha watu takriban milioni 1.5 wanaosema wanazungumza Kiskoti. Na mwaka 2025 Bunge la Scotland lilipitisha sheria inayokipa Kiskoti hadhi rasmi, pamoja na Kigaeli. Tangu orodha ya Hume mpaka sheria hiyo ni miaka 273. Sheria haiwezi kumtoa mtu aibu kwa siku moja, lakini angalau yule kijana wa mapokezi akiandika dreich sasa hana wa kumwomba radhi.

Mimi sina bunge. Nina kalamu na mhariri. Kwa hiyo nimejiwekea sharti dogo, na nawaomba waandishi wenzangu mlijaribu. Neno la kwenu likiwa ndilo linalobeba jambo, liandike. Kisha liache lijieleze ndani ya sentensi hiyo hiyo. "Wakatenga makonyo, vile vikonyo vinavyoshika tumba za karafuu." Maneno sita tu ya kueleza! Msomaji wa Kigoma hajapotea. Amejifunza. Na kesho mwandishi wa Kigoma atatuletea neno la dagaa la kwao, nami wa Pemba nitajifunza. Hivyo ndivyo lugha inavyonenepa. Hainenepi kwa kufungwa.

Nimalizie na usiku ule wa Glasgow, kwa sababu sikuwaambia yote.

Niliposhindwa kupata tafsiri ya dreich, niliandika "hali ya hewa ilikuwa mbaya", nikatuma, nikalala vibaya. Kabla ya alfajiri nikakumbuka kitu. Nilipokuwa mdogo, wakati wa karafuu, vuli ikiingia, kuna siku jua linakataa. Karafuu zimeanikwa majamvini uwanjani, siku ya kwanza hakuna jua, ya pili hakuna, na karafuu isipokauka inaoza, na ada ya skuli imo ndani yake. Mvua hainyeshi ukaijua, wala haiachi. Bibi alikuwa anatoka mlangoni, anaangalia juu, anasema, "Leo tena mbingu imenuna."

Mbingu imenuna! Mtu aliyenuna hapigi kelele, kwa hiyo hakuna radi. Halii, kwa hiyo hakuna mvua ya maana. Amekaa tu, amekuvimbia, na hujui atamaliza lini. Ile ndiyo dreich yenyewe, mpaka ule urefu wake umo. Mskoti aliitazama mbingu akaona muda. Bibi yangu aliitazama akaona uso wa mtu. Na mimi, msomi, mwandishi, nilikuwa nalo neno hilo tangu utotoni, nikaandika "mbaya".

Asubuhi nikampigia simu. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Sabalkheri." Hiyo "kh" nikaitoa yote, chumba kizima kikasikia.

Akasema, "Marahaba mume wangu. Huko kukoje?"

Nikamwambia, "Bibi, huku siku ya nne mbingu imenuna."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa haraka ya mtu aliyezoea:

"Basi waambie waanue!"

Nawasilisha. Na swali ninalowaachia ni hili: nyumbani kwenu mbingu ikinuna, mnasemaje?